Kebo ya Gari la Umeme si Chaja ya Simu

Kuna mazoea mapya yanayoanza kuota mizizi katika miji na vitongoji vya Bonde la Ufa, nayo ni mazoea ambayo yafaa tuyakemee mapema kabla hayajakomaa yakawa desturi. Mtu hununua gari la umeme, aghalabu lililotumika kwanza ng'ambo, akalileta nyumbani kwake Kiamunyi, Lanet, Njoro au Gilgil, kisha akafungua buti na kuitoa kebo ya kuchajia iliyokunjwa humo. Pasipo kuuliza wala kuulizwa, huichomeka katika soketi yoyote iliyo karibu, iwe ya jikoni, ya sebuleni au ya ekstensheni iliyopitishwa dirishani, kisha akalala usingizi wa pono hadi alfajiri. Kwa fikira zake, kebo ile ni chaja ya simu iliyonenepa kidogo tu. Fikira hiyo ndiyo ninayokusudia kuipinga leo, na ningependa walimu na wanafunzi wawe wa kwanza kunisikiliza, kwa sababu ukweli wa jambo hili umo katika vitabu vyao vya fizikia.

Kabla sijaendelea, naomba nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa gari la umeme. Kinyume cha hayo, sioni mahali panapostahiki gari hilo katika Afrika Mashariki nzima kuliko hapa petu. Ni katika kaunti hii ya Nakuru, huko Olkaria karibu na Naivasha, ambako taifa letu lilianza kuzalisha umeme wa mvuke wa ardhini mwaka 1981. Tangu 2023, mvuke wa Menengai, kasoko inayouchungulia mji wetu, nao unatia umeme katika gridi ya taifa. Leo zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke huo. Na usiku wa manane, viwanda vinapofungwa na taa kuzimwa, sehemu ya mvuke huachwa upotee hewani kwa kukosa mtumiaji. Ni busara iliyoje basi kwamba mwalimu wa Nakuru aujaze mvuke wa nyumbani katika gari lake akiwa amelala, badala ya kununua petroli iliyosafirishwa kutoka Ghuba! Hata serikali imeliona jambo hilo. Mwaka 2023, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA) iliidhinisha bei maalum ya umeme wa kuchajia vyombo vya aina hii, nayo ni nafuu zaidi katika saa ambazo mahitaji ni machache.

Lakini umeme huo, baada ya kupanda kutoka kina cha kilomita kadhaa ardhini, kupita katika mitambo, kusafiri juu ya nguzo na kushuka katika transfoma ya mtaa, hufika mwisho wa safari yake katika vipande viwili vidogo vya shaba ndani ya soketi ya ukutani. Hapo ndipo penye mushkili. Mashine za Olkaria zina wahandisi wanaozilinda usiku na mchana. Soketi ya nyumba ya kupanga iliyofungwa miaka 15 iliyopita na fundi asiyejulikana, haina anayeilinda. Hatari ya kuchaji gari nyumbani haimo katika gari, wala kwa kawaida haimo katika kebo yenyewe. Imo katika hiyo mita moja ya mwisho ambayo hakuna anayeitazama.

Yafaa tufahamu kwanza kebo hii ni kitu gani. Wengi hukiita kile kisanduku kilicho katikati yake "chaja", ilhali chaja hasa imo ndani ya gari. Kisanduku kile ni mlinzi na mkalimani. Kazi yake ni kuzungumza na gari, kuliarifu ni mkondo wa ampea ngapi linaloruhusiwa kuvuta, kuhakikisha kwamba waya wa ardhi upo, na kuukata umeme mara moja endapo utaanza kuvuja, kwa kawaida uvujaji unapofika miliampea 30 au hata chini ya hapo. Umeme hauingii katika gari mpaka mazungumzo hayo yamalizike. Ndiyo maana ukiichomeka kebo husikia mlio mdogo kabla taa ya kijani haijawaka. Huu ni ulinzi wa kusifiwa. Hata hivyo, mlinzi huyu hutazama upande wa gari. Kilichoko nyuma yake, yaani plagi, soketi, na nyaya zilizofichwa ndani ya plasta, aghalabu hakioni kabisa.

Sasa tuingie darasani. Kila mwanafunzi wa fizikia katika shule zetu za upili hufundishwa kwamba mkondo wa umeme unapopita katika ukinzani huzalisha joto, na kwamba joto hilo hulingana na mraba wa mkondo, likazidishwa kwa ukinzani na kwa muda. Wanafunzi hukariri kanuni hiyo, wakaijibia mtihani, kisha wakaisahau mlangoni mwa chumba cha mtihani. Laiti wangeichukua hadi nyumbani! Katika kanuni hiyo kuna mambo matatu: mkondo, ukinzani na muda. Gari la umeme linayakusanya yote matatu mahali pamoja.

Tuanze na muda. Birika la umeme huvuta takriban kilowati mbili, kiasi kinachokaribia kile cha gari linalochajiwa kwa plagi ya kawaida. Lakini birika huchemsha maji kwa dakika nne au tano, likajizima. Pasi nayo huwaka na kujizima kila mara joto lake linapotosha. Shawa ya umeme huvuta zaidi ya vyote hivi, lakini fundi mwaminifu huipa waya wake mnene na swichi yake, na mwogaji hamalizi robo saa. Gari haliko hivyo. Kebo inayovuta ampea 10 kwa volti 240 hupitisha kilowati 2.4, na hupitisha kiasi hichohicho bila kupumua kwa saa nane, kumi au zaidi. Betri ya uniti 40, iliyomo katika magari mengi aina ya Nissan Leaf yaliyotengenezwa tangu mwishoni mwa 2017, ikiwa tupu itahitaji karibu saa 17. Hakuna chombo kingine cha kawaida nyumbani mwetu kinachoitesa soketi kwa muda mrefu namna hiyo.

Tuje kwenye ukinzani. Soketi mpya iliyo bora huibana miguu ya plagi kwa nguvu, na ukinzani hapo ni mdogo mno. Soketi iliyochakaa, ambayo vibanio vyake vimelegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa miaka mingi, au ambayo skrubu ya waya wake haikukazwa barabara, inaweza kuwa na ukinzani wa nusu omu. Nusu omu ni kitu gani? Piga hesabu: ampea 10 mara ampea 10 mara nusu ni wati 50. Wati 50 ni nguvu ya chuma cha kulehemea cha fundi wa redio. Jaalia basi chuma hicho kimewashwa na kufungiwa ndani ya kijisanduku cha plastiki ukutani, usiku kucha, huku mwenye nyumba amelala. Ukiongeza mkondo ukafika ampea 15, joto hilo halizidi kwa nusu, bali hupita maradufu, likafika wati 112. Hiyo ndiyo maana ya mraba wa mkondo, na hapo ndipo kanuni ya ubaoni inapogeuka kuwa moshi.

Huenda msomaji akauliza, "Je, fyuzi na swichi za usalama ziko wapi?" Zipo, lakini haziwezi kusaidia hapa. Fyuzi hukatika mkondo unapozidi kipimo chake kwa kiasi cha kutosha. Katika mfano wetu wa kwanza mkondo haujazidi chochote. Bado ni ampea 10 zilezile. Wala umeme hauvuji, kwa hivyo kile kikatio cha uvujaji nacho kinaona kwamba mambo ni shwari. Kila mlinzi yuko macho katika lindo lake, na mwizi anapitia mahali ambapo hakuna lindo. Hata ampea zikifika 15, fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi haikatiki papo hapo. Inaweza kuustahimili mkondo huo kwa muda mrefu huku yenyewe ikichangia joto. Plagi yetu hii ya miguu mitatu ya bapa ilitungiwa kanuni zake Uingereza mwaka 1947, wakati ambapo hakuna aliyewaza kwamba siku moja ingelisha gari usiku kucha. Ni plagi nzuri, tena salama kuliko nyingi duniani, lakini kila chombo na kazi yake.

Kuna wanaojibu hoja hii kwa ujasiri: "Mimi nimechaji hivyo miezi sita, na sijaona moshi." Jawabu hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Joto halibomoi soketi kwa usiku mmoja. Usiku wa kwanza vibanio vya shaba hupata moto, vikalegea kidogo. Usiku wa pili kutu nyembamba hutanda juu ya shaba, ukinzani ukaongezeka. Ukinzani ukiongezeka, joto la usiku wa tatu huwa kubwa kuliko la jana yake. Hivyo basi miezi sita ya salama si ushahidi wa usalama. Inaweza kuwa ndiyo miezi sita ya kuelekea kwenye ajali. Mdharau mwiba mguu huota tende. Aliye na shaka na aiguse plagi yake kwa tahadhari baada ya saa moja ya kuchaji. Uvuguvugu si ajabu. Lakini ikiwa ina moto wa kumfanya aondoe mkono, au ikiwa plastiki imegeuka rangi ya hudhurungi au inatoa harufu ya kuungua, basi asingoje fundi aje. Na azime swichi hapo hapo, na soketi hiyo isitumike tena mpaka ibadilishwe.

Hapa kwetu tatizo lina sura nyingine ambayo nchi tajiri hazina. Sheria zetu huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo hayajapita umri wa miaka 8, na mengi ya hayo hutoka Japani, kwa kuwa huko nako usukani uko upande wa kulia. Gari la umeme la Japani likija na kebo yake, kebo hiyo ilitengenezewa nyumba ya Mjapani. Plagi yake haiingii katika soketi zetu. Nyingi zimepimwa kwa volti 200 na ampea 15, nazo huko kwao huchomekwa katika soketi maalum yenye waya wake pekee, iliyofungwa kwa ajili ya gari. Ikifika Nakuru, hufanywa nini? Fundi wa kando ya barabara huikata ile plagi ya Kijapani, akafunga plagi yetu ya ampea 13, akapokea ujira wake, akaenda zake. Kwa tendo hilo la dakika 10, kebo iliyozoea kuvuta ampea 15 kutoka katika soketi yake maalum sasa inazivuta kutoka katika plagi isiyostahimili hata 13 kwa usiku mzima. Isitoshe, baadhi ya plagi za asili huwa na kihisi joto ndani yake, kinachouamuru umeme ukatike plagi ikipata moto. Aliyeikata plagi amekikata na kihisi hicho.

Ubaya huo una ndugu yake aliye hatari kuliko yeye. Mara nyingine kebo huchomekwa, kisha kisanduku kikawasha taa nyekundu na kukataa kazi, kwa sababu hakikuuona waya wa ardhi. Mwenye gari hulalamika kwamba kebo ni mbovu. Fundi mwongo, badala ya kwenda kutafuta kasoro iliyoko ndani ya nyumba, huunganisha waya wa ardhi na ule wa kurudishia umeme ndani ya plagi yenyewe. Taa hugeuka kijani, na wote wawili hupeana mikono. Hawajui kwamba wamemziba mlinzi macho. Siku ule waya wa kurudishia utakapokatika mahali popote nyuma ya plagi, bodi nzima ya gari inaweza kushika umeme. Gari limesimama juu ya mipira ya magurudumu, kwa hivyo umeme huo hauna njia ya kushukia ardhini, mpaka atokee mtoto aliyesimama peku juu ya majani yenye umande na kuushika mlango. Taa nyekundu ile haikuwa ugonjwa, ilikuwa daktari.

Na kuhusu waya wa ardhi, wakazi wa eneo hili tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Sehemu kubwa ya ardhi yetu, kuanzia Naivasha kupitia Gilgil na Elementaita hadi Nakuru, ni udongo wa majivu ya volkeno na mawe mepesi ya pumisi. Jina lenyewe la Nakuru huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Udongo wa aina hiyo ukikauka haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya shaba iliyopigwa futi chache ardhini msimu wa masika, ikapimwa na kuonekana nzuri, yaweza kuwa haina faida kubwa ifikapo Januari au Februari jua linapowaka. Kwa hivyo haitoshi kuona kwamba fimbo ipo. Lazima ipimwe kwa chombo, na ikibidi irefushwe au iongezewe nyingine.

Sina budi pia kulizungumzia suala la ekstensheni, maana ndilo linaloonekana zaidi. Nyumba nyingi za mitaa yetu ni za ghorofa za kupanga. Gari hulala uani, na soketi iko ghorofa ya pili. Hali ni hiyo hiyo katika nyumba za walimu zilizomo ndani ya shule, nyingi zikiwa zilijengwa zamani, wakati mahitaji ya umeme yalikuwa balbu tatu na redio. Mkazi hununua ekstensheni ya bei nafuu, yenye waya mwembamba, akaiteremsha kupitia dirishani na kuiacha nyingine imeviringana katika gurudumu lake. Waya ulioviringana hauna pa kutolea joto. Kila mzunguko huupasha mwenzake. Plastiki inayozifunika nyaya za kawaida imekusudiwa joto lisilozidi nyuzi 70. Ikizidi hapo kwa muda mrefu hulainika, na waya kwa waya zikakutana. Mvua ya jioni nayo ikinyesha, kama inyeshavyo kwetu, kiungo cha ekstensheni na kebo ya gari huwa kimelala katika dimbwi. Udhaifu huu si wetu peke yetu. Mwaka 2019 shirika la usalama wa umeme la Uingereza, Electrical Safety First, lilionya kwamba wamiliki wengi wa magari ya umeme nchini humo walikuwa wakichaji kwa ekstensheni za nyumbani zisizofaa kutumiwa nje. Ikiwa hao wenye nyumba zilizokaguliwa wameonywa, seuze sisi?

Wapo watakaosema kwamba ninawatwisha wenye magari haya gharama nyingine baada ya gharama ya kununua. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Kufunga soketi maalum yenye waya wake, swichi yake na kikatio chake cha uvujaji ni gharama, na fundi mwenye leseni hafanyi kazi bure. Lakini tupime. Soketi moja iliyofungwa vyema ni sehemu ndogo mno ya bei ya gari, na ni sehemu ndogo zaidi ya thamani ya nyumba. Wala simwambii kila mtu anunue mtambo mkubwa wa ukutani. Kebo ya kubeba yatosha kabisa kwa watu wengi, mradi ipewe soketi inayoistahiki na isiharakishwe.

Nasema isiharakishwe kwa sababu haraka yenyewe haina haja. Mtazame mwalimu anayeishi Njoro, karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, na kufundisha mjini Nakuru. Kwenda na kurudi ni takriban kilomita 40. Gari dogo la umeme hutumia uniti sita au saba kwa safari hiyo. Akiiweka kebo yake katika ampea 6 tu, itapitisha karibu kilowati moja na nusu, na katika saa tano atakuwa amerejesha yote aliyotumia, huku bado usiku haujaisha. Kwa ampea 6, lile joto la soketi iliyolegea hushuka kutoka wati 50 hadi wati 18. Amepoteza nini? Hajapoteza chochote isipokuwa fahari ya kuona betri ikijaa upesi. Kebo nyingi za kisasa, na magari mengi pia, yana kitufe au mpangilio wa kupunguza mkondo. Haba na haba hujaza kibaba. Na katika jambo hili, haba na haba huokoa nyumba pia.

Kwa hivyo, ushauri wangu kwa mwenye gari ni mfupi. Kabla ya kuchaji kwa mara ya kwanza, na amwite fundi wa umeme aliyepewa leseni na EPRA, naye aikague njia yote kutoka kwenye mita hadi kwenye soketi: unene wa waya, kukazwa kwa skrubu, ubora wa waya wa ardhi, na kuwepo kwa kikatio cha uvujaji. Soketi ya gari iwe ya gari pekee, isichangie waya na jokofu wala jiko. Ikiwa iko nje, iwe na kifuniko cha kuzuia mvua, na kisanduku cha kebo kining'inizwe kwenye ndoano badala ya kuning'inia kwa uzito wake kutoka kwenye plagi. Ekstensheni na plagi za kugawa umeme zisitumike. Kebo yenye plagi iliyokatwa na kufungwa upya barabarani irudishwe kando, itafutwe nyingine iliyotengenezewa volti na plagi zetu. Umeme ukipotea katika mtaa na kurudi, kama tulivyozoea, si vibaya kuuzima mkondo wa gari kwanza na kusubiri utulie. Na soketi ikaguliwe tena kila mwaka, hata ikionekana nzima.

Lakini itakuwa dhuluma kumwachia mwenye gari mzigo wote. Mwaka 2023 EPRA ilitoa mwongozo kuhusu miundombinu ya kuchajia magari ya umeme na kubadilishia betri. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, mwongozo unaowafikia wenye vituo vya kuchajia bado haujamfikia mpangaji wa Shabab au Section 58 anayechaji kwa kebo ya buti. Naonelea kwamba yeyote auzaye gari la umeme, liwe jipya au lililotumika, alazimishwe kumkabidhi mnunuzi kebo inayofaa soketi za Kenya, pamoja na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, liziangalie kwa jicho kali kebo na plagi za kubadilishia zinazouzwa madukani. Kaunti yetu, ambayo mji wake mkuu ulipata hadhi ya jiji Desemba 2021, inapoidhinisha ramani za nyumba mpya za kupanga iwatake wajenzi watenge waya na soketi ya gari uani tangu mwanzo. Kupitisha waya ndani ya ukuta unaojengwa ni rahisi. Kuubomoa ukuta uliokamilika ndiko kwenye gharama.

Nimewabakisha walimu na wanafunzi mwisho, si kwa kuwasahau, bali kwa kuwa kwao ndiko kuliko na tumaini kubwa. Somo la joto la umeme linafundishwa kwa koili, kipimajoto na bilauri ya maji. Sitaki liondolewe. Nataka liongezewe swali moja: soketi ya nyumbani kwenu ina hali gani? Mwanafunzi anayeweza kukokotoa wati 50 ubaoni anaweza kumweleza mzazi wake kwa nini plagi ya jikoni imegeuka rangi. Vyuo vyetu vya kiufundi, kikiwemo Rift Valley National Polytechnic hapa Nakuru, vina vijana wanaojifunza ufundi wa umeme na wanaohitaji mazoezi. Mbona wasipelekwe, chini ya usimamizi wa wakufunzi wenye leseni, kuzikagua soketi na nyaya za ardhi katika nyumba za walimu zilizomo shuleni? Shule ingepata usalama, chuo kingepata darasa, na kijana angepata ujuzi ambao soko la kesho litamlipa kwao.

Aidha, wakuu wa shule wasingoje amri kutoka Nairobi. Mwalimu akiomba ruhusa ya kuchaji gari lake katika eneo la shule, jawabu lisiwe marufuku ya jumla, wala lisiwe kufumbiwa macho. Liwe ni soketi moja iliyokaguliwa, iliyoko mbali na mabweni na ghala, yenye mita yake ndogo ili kila mtu alipie anachokitumia. Marufuku itawafanya watu wachaji kwa kificho usiku, kupitia dirishani, na hatari inayofichwa ni mbaya kuliko inayoonekana.

Magari haya yatakuja, tutake tusitake, na mimi nayakaribisha kwa mikono miwili. Tumepewa na Mola ardhi inayochemka chini ya miguu yetu, na wahandisi wetu wamejifunza kuugeuza moto wake kuwa mwanga. Wao wameufuga moto wa volkeno kwa sababu wanauheshimu. Huupima kila saa na hawauachi peke yake. Sisi tunaoupokea mwishoni mwa waya tunadaiwa heshima hiyohiyo, japo kwa kiasi cha skrubu moja iliyokazwa na plagi moja iliyoguswa kabla ya kwenda kulala. Tahadhari kabla ya hatari.